Nilivyokwenda Ukara Kuokoa Watu wa Angani

Niliondoka Mwanza kwa sababu watu elfu mbili walikuwa wakifa njaa kila wiki, na aliyekuwa akiwaua ni mimi. Msishtuke. Watu hao wanaishi ndani ya kompyuta, katika chumba cha nyuma cha duka la spea la akina Salim, pale Nyakato. Mimi na Salim tumekaa miaka miwili tukitengeneza mchezo wa zama zijazo, wakati binadamu watakapokuwa wanahama dunia na kwenda kuishi kwenye sayari nyingine. Chombo chao tumekiita Sangabuye, kwa kuwa nimezaliwa huko na sikuona kwa nini majina ya angani yawe ya Wazungu tu. Safari yao ni ya miaka themanini. Ndani ya chombo kuna mashamba, karakana, shule, soko, hata mama lishe. Uchumi wote unaendeshwa na kompyuta tuliyoipa jina la Karani, ambayo kazi yake ni kujua kila kitu ni cha nani na kugawa kwa haki.

Nilijivunia sana Karani. Kila kitu kilikuwa na kisanduku kimoja kilichoandikwa "Mwenyewe", na ndani ya kisanduku jina moja. Kisichokuwa na jina, Karani ilikitoa nje ya chombo kisilete uchafu. Hakuna ugomvi, hakuna longolongo. Lakini kila tulipouwasha mchezo, ikifika mwaka wa arobaini hivi, mashamba yaligoma kuzaa na watu wakaisha. Tukabadilisha mbegu. Tukaongeza maji. Tukaongeza mabwana shamba. Waliisha vilevile, na safari moja waliisha mapema zaidi, mabwana shamba wakiwa wa kwanza.

Baba yake Salim, mzee mpole ambaye ameuza fani belti tangu mimi sijazaliwa, alikuwa ametuvumilia vya kutosha. Sasa alikitaka chumba chake aweke matairi. Salim akamwomba muda mpaka Jumapili.

"Chombo kikifika, tunabaki," alimwambia mbele yangu. "Kisipofika, narudi kaunta na hutasikia tena habari za nyota."

Alisema akiangalia pembeni, na mimi nikajua hatanii. Mashine ni zake na chumba ni cha kwao. Bila Salim mimi ni Kulwa, mwalimu wa kompyuta wa masomo ya jioni, basi. Roho iliniuma.

Jioni hiyohiyo nilimpigia simu pacha wangu Doto, aliyeolewa Ukara, nikamlilia shida zangu. Doto hajawahi kuelewa kazi yangu, lakini husikiliza. Nilipofika mahali pa kusema watu wamebanana, ardhi ni kidogo, na hakuna pa kuhamia, akanikatiza. "Kulwa, hao si ndio sisi? Njoo basi utuone tunavyokula. Miaka sita nakuita."

Jumanne, saa tatu asubuhi, nikapanda meli ya Nansio pale bandarini, nimebeba mkoba mmoja wa nguo na kompyuta yangu ya mapajani. Mawe ya Mwanza yalibaki nyuma taratibu, nyumba zimeng'ang'ania juu yake. Jirani yangu wa kiti alikuwa fundi cherehani wa Ukerewe. Aliniuliza naenda kufanya nini Ukara, nikamweleza habari za chombo kwa nusu saa nzima. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akauliza kama huko angani watu wanavaa sare au kila mtu anashona yake. Nilikuwa sijafikiria. Nikaandika kwenye daftari.

Nansio tulifika mchana. Nilikula samaki na ugali wa muhogo, nikapata gari mpaka Bugolora, na huko nikavuka kwenda Ukara. Doto alikuwa ameniagiza kwa ukali nivae jaketi la kuelea hata kama wengine hawavai, nami nikavaa. Alikuwa amesimama mwaloni Bwisya, pale vyombo vinapotia nanga, mikono kiunoni, na kwa kuwa tunafanana kama sarafu mbili, abiria wote walinigeukia wakacheka.

Nyumbani kwa Doto ni mwendo wa miguu, kati ya vishamba vidogo vilivyozungushiwa mawe. Sikuona kipande kilicholala bure. Hata ukingo wa njia ulikuwa na kitu kimepandwa. Shemeji yangu Magesa alinipokea mkoba, akaupima uzito kwa mkono mmoja.

"Hicho chombo chenyewe ndicho kilichomo humu, shemeji?"

"Kimo chote, na watu wake."

"Basi niwabebe polepole wasitapike."

Jumatano asubuhi nilianza kazi. Mpango wangu ulikuwa mwepesi: niandike kila kitu cha nyumba hiyo ndani ya Karani, kama vile nyumba ni chombo, nione Karani itagawaje. Tukaanza na ng'ombe aliyekuwa kwenye banda ubavuni mwa nyumba. Ukara ng'ombe wengi hawaendi malishoni, kwa sababu malisho yako wapi? Hukaa bandani, kwenye sakafu iliyochimbwa chini, wanaletewa majani.

"Ng'ombe wa nani?" nikauliza, vidole tayari.

"Wa Mama Majura, jirani hapo juu," akasema Magesa. "Amewekesha kwangu."

Nikaandika Mama Majura. "Maziwa?"

"Yangu. Ndio faida ya kumtunza."

"Ndama?"

"Wa Mama Majura. Ila akizaa wa tatu, ni wangu."

"Majani anayokula?"

"Mti ule pale, shemeji. Mti wa Mama Majura, shamba la kaka yangu."

Karani ilianza kutoa alama nyekundu. Ilikuwa inasema ng'ombe ana wenyewe wengi, nichague mmoja. Nikamwambia Magesa achague. Akakuna kichwa, akaniambia kwa upole kwamba akichagua mmoja kutazuka kesi. Nikafunga kompyuta nikiwa nimekasirika kidogo. Niliona nimesafiri siku nzima kuja kutazama watu wasiojua mali zao.

Alhamisi mvua ilinyesha alfajiri. Ilipokatika, Magesa alikuwa ameenda ziwani na Doto yuko kisimani, nikaona aibu kukaa kama mgeni wa heshima. Nikaingia bandani. Chini ya ng'ombe kulikuwa na tabaka nene la samadi na majani, na harufu yake si ya kusimulia. Nikashika jembe na kikapu, nikazoa, nikapeleka kwenye korongo lililokuwa linashusha maji ziwani. Vikapu kumi na viwili. Kila kikapu nilikiona kinavyobebwa na maji, nikafurahi. Nikafagia mpaka sakafu ikang'aa, nikakaa kizingitini kungoja sifa.

Doto alifika na ndoo kichwani, akachungulia bandani, akaitua ndoo taratibu.

"Kulwa. Samadi iko wapi?"

"Nimekutupia."

"Wapi?"

Nikamwonyesha korongo. Alikaa chini, akajifunika uso kwa khanga, na mabega yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, na nilipomgusa akaniambia, "Umetupa shamba la watu, mama."

Mama Majura aliitwa. Alishuka mwenyewe, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mrefu, ana jembe begani. Nikamwamkia shikamoo kwa sauti ndogo. Akaitikia marahaba, akaenda kuitazama kwa makini ile sakafu yangu inayong'aa.

"Imetakata," akasema. "Sijawahi kuona. Sasa mimi nitapanda nini kwenye udongo wangu, mwanangu? Usafi?"

Ndipo nilipoelezwa, nikiwa nimesimama na kikapu mkononi. Samadi ile ilikuwa na wenyewe wawili. Nusu ilikuwa ya Magesa. Nusu ya Mama Majura, kwa ajili ya majani ya mti wake, na alikuwa ameingoja miezi mitano aiweke kwenye shamba la mihogo kabla mvua hazijakolea. Udongo wa Ukara ni mchanga uliosagika kutoka kwenye mawe. Usipourudishia, mwaka huu unavuna, mwakani unavuna kidogo, halafu ndio basi. Mama Majura angeweza kukosa chakula cha msimu mzima kwa sababu mimi nilitaka kusifiwa. Nilitamani ardhi inimeze, ila hata hiyo ardhi nilikuwa nimeitupa ziwani.

Magesa aliporudi hakunifokea, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alichukua samadi yake ya zamani iliyokuwa imebaki kwenye rundo nyuma ya nyumba, akasema iende kwa Mama Majura yote. Mimi nikapewa adhabu kwa kicheko: kukata majani na kumlisha ng'ombe, na kupandisha samadi shambani kwa mgongo wangu mpaka nitakapoondoka. Nilikubali kabla hawajamaliza kusema.

Mchana ule, tukipumzika kwenye kivuli cha ukuta, Mama Majura aliniuliza habari za watu wangu wa angani. Doto alikuwa ameshatangaza kijiji kizima. Nikamweleza chombo, mashamba, miaka themanini.

"Wanakula?"

"Wanakula."

"Na wakishakula, wanaenda haja kama sisi?"

"Wanaenda."

"Hiyo mnaipeleka wapi?"

Nilikumbuka mstari wenyewe nilioandika kwa mikono yangu: kisichokuwa na jina kitolewe nje. Hakuna aliyekuwa ameandikiwa kinyesi, wala maganda, wala majani makavu. Kila siku, kwa miaka arobaini, Karani ilifungua mlango na kuutupa udongo wa Sangabuye gizani, kikapu kwa kikapu, ikijisifia usafi.

"Tunatupa nje," nikasema.

"Nje kwenye nini?"

"Hakuna kitu, mama. Ni nje tu."

Mama Majura alimtazama Doto, akanitazama mimi, akatikisa kichwa kwa huruma kabisa. "Basi hao hawakufa njaa," akasema. "Walikula chombo chao wakakimaliza."

Ijumaa nilibeba samadi asubuhi na kuandika mchana, kwenye umeme wa sola ya Magesa. Nilikifuta kile kisanduku cha "Mwenyewe". Mahali pake nikaweka maswali manne: nani anakitunza, nani anakula matunda yake, nani anapata mabaki yake, na kikifa kinarudi kwa nani. Nikaweka sharti kwamba Karani isifungue mlango mpaka swali la tatu lijibiwe. Kila nilipokwama nilimwita Magesa aniambie kwa ng'ombe wangefanyaje. Alianza kuipenda kazi hiyo kuliko mimi, akawa ananiuliza mambo ya mbuzi.

Jumamosi alfajiri Mama Majura alinisindikiza hadi mwaloni na mtetea mwekundu amefungwa miguu.

"Huyu nakuwekesha," akasema. "Kuku wangu, mayai yako. Vifaranga tutagawana. Mbolea yake usitupe."

"Nitakuletea vifaranga lini?"

"Ndio hapo utakapolazimika kurudi," akajibu, na Doto akanikonyeza.

Nilirudi njia ileile, kuku mapajani, mgongo ukiuma mahali ambapo sikujua nina mgongo. Sikuwa na uhakika na kitu chochote. Lakini nilikuwa na furaha, na nasema hivyo wazi.

Jumapili saa mbili asubuhi, Nyakato, baba yake Salim alikuwa ameshapanga matairi manne mlangoni, kama ukumbusho. Salim alimtazama kuku.

"Huyu wa nani?"

Ilinichukua muda wa chai nzima kujibu. Nilipomaliza, alikuwa ameacha kunywa. "Washa," akasema.

Mwaka mmoja wa Sangabuye ni kama dakika tatu zetu. Mwaka wa kumi watu walianza kugombea maganda ya viazi. Wa ishirini kukawa na kesi ya mabaki ya karakana, na mama lishe mmoja akawa mtu mkubwa kwa sababu ya majivu. Mwaka wa thelathini na nane tulisogeza viti karibu na kioo. Wa arobaini Salim alisimama akageukia ukuta. Wa arobaini na tatu nilimgusa bega ageuke. Mashamba yalikuwa ya kijani. Baba yake aliingia mwaka wa hamsini kuulizia chumba, akakaa kwenye tairi moja kutazama, na hakuondoka tena. Duka likafunguliwa mchana.

Saa sita na kidogo Sangabuye ikatua. Watu elfu mbili na mia tatu, wote wameshiba. Salim alinishika mkono, baba yake akapiga makofi mara moja, kwa nguvu. Kisha kwenye kioo likaja swali tulilokuwa tumelisahau, tuliloliandika zamani na ambalo hakuna chombo kilichowahi kulifikia: "Sayari hii ni ya nani?" Chini yake kulikuwa na kisanduku kimoja.

Hatimaye Salim akasema, "Mpigie mwenye kuku."

Mama Majura alipokea simu akiwa shambani, nilisikia jembe. Nikamweleza kwamba wamefika salama, na ninalomuuliza ni ardhi ile mpya tuandike jina la nani. Akamwambia mtu pembeni yake kwamba watu wa kompyuta wamefika.

"Wamekuja na samadi yao?" akauliza.

"Wamekuja nayo yote, mama."

"Basi waipeleke shambani kwanza," akasema. "Jina mtaandika wakishavuna."

Baba yake Salim aliinuka, akatoka, tukamsikia akiyaviringisha yale matairi kuyarudisha mbele ya duka.