Mstari Mmoja wa Mahindi

Nikisikia harufu ya pilipili inayoungua, namwona mama amesimama katikati ya shamba letu lililokanyagwa. Ndovu walikuwa wametoka mbugani wakala mahindi yetu, wakabakiza mstari mmoja tu. Mimi nililia. Mama aliutazama mstari ule, akacheka.

"Hawa wana adabu. Nyani wangemaliza yote."

Akamshukuru Mungu kwa kilichobaki, kisha akanipa jembe.

"Panda, mwanangu. Mvua haijaisha."

Tulipanda upya hadi viganja vyangu vikatoka malengelenge. Mpakani mwa shamba tulichoma pilipili pamoja na mavi makavu ya ndovu hao hao, moshi uwafukuze.

Mahindi yalipokomaa, mama alichemsha hindi la kwanza, akalila akiwa amesimama, ameelekeza uso mbugani, akitafuna polepole ili ndovu wamwone.