Vyombo vya Kifaransa vya Mama Neema

Sie tuliokulia vyumba vya kupanga tunajua: kwenu palikuwa pale mama alipopanga mapambo yake. Wenzetu walikuwa na vitambaa vya kufuma na maua ya plastiki. Mama yangu alikuwa na vyombo vya udongo vya Kifaransa: jagi la kijani lililomeguka mdomo, bakuli zito la rangi ya haradali na mtungi mdogo. Alipewa na familia ya Wafaransa aliyoipikia, siku waliporudi kwao. Vilikuwa vya kale, vya mabibi zao wa shamba.

"Mama Neema, vile vizuri wamepanda navyo ndege," baba alimtania. "Wewe wamekuachia vya mkulima."

"Na sie kwetu tulikuwa nani, kama si wakulima?"

Tulipopanga Tabata vilikaa juu ya kabati, na ole wako urukeruke karibu. Tulipohamia Mbagala havikutoka kwenye khanga alimovifungia. Mama alivisukuma uvunguni. Nikamuuliza kwa nini. "Hapa tunapita tu, mwanangu." Baba alikuwa anajenga Kimara, tofali kwa tofali, harufu ya saruji ikimfuata hadi kwenye ugali.

Akafariki kabla ya kupaua nyumba yote. Baada ya arobaini, baba mdogo akaja kutoka Iringa kutuchukua. "Shemeji, mji una wenyewe. Twende nyumbani." Usiku mie nikawa nalia chini ya shuka, maana tukipanda basi, baba anabaki makaburini peke yake.

Asubuhi mama akatupeleka Kimara, kwenye chumba kimoja chenye bati, bila madirisha wala plasta. Godoro likiwa bado nje, akalaza ubao juu ya matofali, akafungua khanga, akapanga jagi, bakuli na mtungi. Baba mdogo akatufuata. Akasimama mlangoni, akaviangalia muda mrefu.

"Kumbe mmeshafika," akasema. Akavua koti, akaingiza godoro.

Siku hizi vijana wananunua vyungu vya kale vifanane na pazia, wanavipiga picha, kabla vumbi halijatua wamehama. Siwacheki sana, wao wana miguu ya kuhama. Mie sibanduki hapa Kimara, hata harusi ya jirani naisikilizia dirishani. Mama naye katangulia. Wanangu wanataka tuuze hapa, tuhamie ghorofani. Nawaambia wasubiri kwanza nimalize chai, na ni miaka sasa naimaliza.