Programu Yangu Ilivyompokonya Mzee Barisa Alama ya Ng'ombe

Naungama mapema ili mnicheke mara moja tuyamalize: mimi ndiye yule mwalimu wa hesabu aliyesababisha ng'ombe sabini wakataliwe chanjo pale Minjila, na nilifanya hivyo kwa kompyuta, nikiwa nimevaa tai.

Miaka ya tisini ilikuwa inaisha, shule yetu ya Garsen imepata kompyuta moja kuukuu na printa ya utepe yenye kelele kuishinda jenereta, nami nikaandika programu yangu mwenyewe (ndiyo, mimi): unaandika mtihani kwa herufi za kawaida, neno ukilizungushia nyota linatoka limekoza, mstari ukiuwekea alama mbele unakuwa kichwa cha habari. Kilichonishinda ni fomula. Sehemu kama robo tatu nilitaka ikae katikati ya sentensi, tatu juu, nne chini, kistari katikati, lakini programu ilijua kuiweka peke yake kwenye mstari wake tu. Wiki mbili nilikuwa nikichora sehemu kwenye ugali kwa kidole mpaka mke wangu akaanza kunipakulia wali.

Siku ilipokubali nilicheza, jamani, peke yangu katikati ya madawati. Nimeandika 3/4 ndani ya sentensi, na printa imeitoa imekaa mahali pake vizuri kabisa, maneno mbele, maneno nyuma!

Sasa sikieni ujinga ulipoingia. Njia ya busara ilikuwa mwandishi aizungushie fomula alama ya dola, huku moja na huku moja, ili programu ijue inaanzia wapi na kuishia wapi. Mimi nikaona huo ni usumbufu. Nikaamua programu inuse yenyewe: ikikuta mstari wa mshazari katikati ya herufi au tarakimu, basi hiyo ni sehemu, cha kushoto kiende juu, cha kulia kishuke chini. Nikaijaribu kwenye mtihani wa kidato cha pili, haikukosea hata mahali pamoja, nikazunguka Garsen nzima kifua mbele.

Habari zikamfikia daktari wa mifugo, Bwana Komora. Alikuwa na orodha ya wafugaji watakaoleta ng'ombe kuchanjwa, kila jina na ile alama inayochomwa kwenye paja la ng'ombe, zote zimepigwa kwa vitufe: fito mbili ni II, duara ni O. "Mwalimu, nitolee safi, karani atasimama nayo langoni," akasema, na akaahidi kunitaja mbele ya watu. Nikachapisha bila kusoma (sisi wakulima wa kijiji cha Hewani tunajua mpunga na ndizi, alama za ng'ombe nizijulie wapi).

Asubuhi ya chanjo nikafika na tai yangu. Kwenye ule ujia mwembamba wa miti wanamopitishwa ng'ombe mmoja mmoja, sheria ilikuwa moja: alama isiyo kwenye orodha haipiti, kwa kuogopa ng'ombe wa wizi. Dawa ilikuwa ya siku hiyo tu, na asiyechanjwa hapewi kibali cha kwenda sokoni. Mzee Barisa, mfugaji wa Kiorma, alikuwa amewatembeza wake siku mbili. Karani akatazama paja, akatazama karatasi, akatikisa kichwa.

"Alama hii haipo, mzee. Jina lako limewekewa alama ya Mzee Jillo."

Nikaichungulia karatasi. Alama ya Barisa ni fito mbili, mshazari, duara, vyote vimefuatana. Programu yangu ilinusa sehemu hapo, ikapandisha fito, ikashusha duara, ikalaza kistari katikati, na hiyo ndiyo alama ya Mzee Jillo tangu enzi za babu yake (ya Jillo ilipigwa kwa mistari mitatu, fito, kistari, duara, ikatoka sawasawa).

"Mwalimu," Mzee Barisa akaniambia, "ng'ombe yangu jua haikumaliza, simba haikumaliza. Leo inamalizwa na karatasi?"

"Mimi sina neno," Mzee Jillo mwenyewe akadakia kutoka kwenye foleni. "Sabini naletewa asubuhi, nitakataa vipi?"

Watu wakaangua kicheko. Mzee Barisa hakucheka, nami nilitamani mto Tana ufurike unichukue.

Bwana Komora akanipa kalamu, nirekebishe kwa mkono juu ya boneti ya gari lake, kila mtu akichungulia. Nikafuta, nikachora fito mbili, mshazari, duara, nikamkabidhi Mzee Barisa mwenyewe. Akaitazama sana.

"Umelaza huku," akasema taratibu, akiugusa ule mshazari. "Ya kulala huku ni ya shemeji yangu."

Hapo sikuwa na kompyuta ya kusingizia. Akanichukulia kalamu mkononi, yeye ambaye hakukalia dawati hata siku moja, akaichora kwa mkupuo mmoja, na karani akafungua lango. Nilisimama pale mpaka wa sabini akapita, sikutajwa mbele ya mtu yeyote, wala sikuomba.

Jumatatu nikaziweka zile alama mbili za dola, na programu ikapigwa marufuku kunusa. Na mimi nimeapa: alama ya mtu siichapishi tena mpaka mwenyewe akae kando yangu, aitazame, aniambie imelala upande gani.