Makofi ya Delio

Nedo Bargagli alizaliwa Livorno na pua iliyomtangulia kila alipokwenda, na hiyo pua ndiyo iliyomlisha. Shuleni walimtimua kwa kuchekesha darasa. Jeshini walimweka mahabusu kwa kuchekesha gwaride. Bandarini hakumaliza hata wiki, maana wapagazi wenzake walikuwa wanacheka mpaka mizigo inawaponyoka. Mtu wa namna hiyo utampeleka wapi kama si jukwaani?

Ila jukwaani hakupanda peke yake, hata kama baadaye alipenda kusimulia hivyo. Alipanda na Delio Salvestri, rafiki yake wa utotoni, mrefu, suti nyeusi, uso mkavu kama wa mtu anayesubiri kung'olewa jino. Delio aliuliza swali kwa upole, akanyamaza kidogo, Nedo akajibu, ukumbi ukalipuka. Kile kimya kidogo ndicho kilikuwa kazi yenyewe, na Delio alikijua kuliko yeyote. Lakini nani anapigia makofi kimya? Makofi yote yalikwenda kwa mwenye pua.

Kisha wakaja watu wa televisheni kutoka Roma. "Tunaitaka pua," mkubwa wao akasema. "Suti ibaki."

"Nikishatulia tu nakuita, ndugu yangu," Nedo alimwambia Delio. Akatulia kweli. Akatulia zaidi ya miaka ishirini, kila Jumamosi Italia nzima inashika mbavu, na simu hakupiga. Ushenzi mtupu, tusipambe maneno.

Delio akafungua duka la tumbaku, televisheni juu ya kaunta. Wateja walimchokoza, "Si ulikuwa naye huyu? Unamwonaje?"

"Ana haraka," Delio alijibu, akiwarudishia chenji.

Delio alipofariki, ndipo Nedo akapiga simu. Akapokea mjane, Argene.

"Shemeji, nakuja kumzika."

"Njoo. Lakini nisikilize vizuri, wewe pua. Jeneza likitoka kanisani, watu watalipigia makofi, kama tunavyowapigia maiti wetu wote. Hayo ni ya Delio. Maisha yake yote hajapata ya peke yake. Ukimwibia na hayo, nakuzika hapohapo, huenda wakanipunguzia bei."

"Shemeji, mimi nitafanya nini?"

"Ukionekana tu watu wanacheka. Najua si kosa lako." Akavuta pumzi. "Ni kosa lako vilevile."

Nedo akaenda na kofia, miwani myeusi na skafu mpaka mdomoni. Pua ikabaki nje, angeificha wapi? Akajibanza nyuma ya nguzo. Bibi mmoja muuza samaki akageuka.

"Yesu wangu! Nedo! Hata msibani umekuja nayo?"

Benchi lile likaanza kutikisika, kisha la mbele yake. Kufika wakati wa komunyo, nusu ya kanisa ilikuwa imeipa altare mgongo. Padri Fosco alikohoa weee, wapi! Argene aligeuka mara moja tu, akamtazama. Afadhali angemtukana.

Wanaume wakainua jeneza. Nedo alikuwa amepanga kutembea nyuma yake, na hotelini alishajifanyia mazoezi ya uso wa huzuni mbele ya kioo. Lakini mlango ukafunguliwa, akauona uwanja umefurika, na kazi yake ikamwambia kitakachotokea: vichwa vyote vitamgeukia yeye. Akasimama, akapenya mlango wa pembeni hadi chumba cha mapadri, akajificha humo kati ya majoho na maboksi ya mishumaa.

Nje kukawa kimya. Kisha kofi moja. Kisha uwanja mzima.

Nedo alisikiliza kama fundi. Makofi yalishuka, akadhani yamekwisha, yakapanda tena, na watu wakaita, "Delio! Delio!" Yeye, na taa zake zote na bendi yake, hajawahi kupigiwa vile bila mtu wa studio kuwapungia watu mkono waanze. Basi akaona wivu. Wivu, jamani, kwa maiti! Na wivu ulipomkamata, majuto nayo yakamkuta hana kinga. Akaketi juu ya boksi la mishumaa akalia kwa sauti, kamasi zikimchuruzika, akimwita Delio amsamehe.

Mlango ukafunguliwa. Ni Padri Fosco, amerudi kuchukua koti lake kabla ya kwenda makaburini. Akamwona Nedo pale chini. Midomo ikaanza kumcheza, akashika kabati, uzalendo ukamshinda, akacheka mpaka machozi.

"Nedo, Nedo, utaniua wewe!" akasema. "Hebu rudia hiyo ya kamasi."

Nedo akamtazama. Akavuta pumzi, akarudia.