Ugali wa Watu Wawili

Kwa miaka ishirini na mbili kazi yangu ilikuwa kupima samaki. Kiwanda kilikuwa Nyakato. Sangara waliletwa kutoka mialoni, kule mitumbwi inakoshushia samaki, wakiwa ndani ya barafu, nami nilisimama kwenye mizani na daftari langu, natoa uzito wa kreti, natoa uzito wa barafu, naandika. Wavuvi hawakunipenda na wakubwa wa kiwanda hawakunipenda, jambo ambalo kwa mpimaji ni sifa. Nilistaafu bila mtu yeyote kuonyesha kwamba nimewahi kuandika kilo ambayo haikuwapo. Nayasema haya ili ijulikane ni mtu wa aina gani aliyekuja kudanganya kwenye daftari la nesi akiwa na miaka sitini na tatu.

Hospitali nilikwenda kwa sababu ya goti. La kulia lilikuwa limeanza kugoma kwenye ngazi za kanisa, nami nikawa nabaki viti vya nyuma na kina mama wenye watoto wanaolia. Daktari, kijana mwenye sauti ya upole, hakuligusa goti. Alinipandisha kwenye mizani. Niliiona namba kabla yake, mazoea ya kazi: kilo mia moja ishirini na saba. Nikatafuta barafu ya kutoa, haikuwapo. Wakapima damu, sukari iko juu.

"Goti lako halina kosa, mzee," akasema. "Limechoka kubeba."

Akanieleza kwamba pale kuna mpango wa kupunguza uzito chini ya daktari. Ni miezi sita. Kila Alhamisi unapimwa, unakula kwa utaratibu wanaokupangia, damu inaangaliwa, na nyumbani awepo mtu wa kukusimamia. Hawamwingizi mtu kwa nguvu. Kwanza niandike kwa wiki mbili kila ninachokula, nije Alhamisi zote mbili, kisha niamue. Nesi akanipa daftari alilolichora mwenyewe kwa rula, safu nne: saa, chakula, kiasi, na ya mwisho, umekula na nani.

Hapo lazima nieleze habari za mke wangu. Hajafa. Hajaniacha pia. Binti yetu alijifungua huko Dodoma, mama yake akaenda kumsaidia kwa miezi mitatu. Miezi mitatu ikawa mwaka, kwa sababu binti alirudi kazini na wasichana wa kazi hawakai. Kisha ikaja mimba ya pili. Sasa ni mwaka wa tatu. Ukifiwa na mke, watu watakuja, watalala sebuleni kwako, watakupikia. Mke akienda kulea mjukuu watu wanakupa hongera. Nilipewa hongera nyingi, kanisani na barabarani, kisha nikarudi nyumbani Buswelu kufungua geti mwenyewe.

Nyumba hiyo tuliijenga kwa ajili ya uzee wetu. Vyumba vinne, mawe nyuma, na ukipanda juu ya jiwe kubwa unaliona ziwa kidogo, upande wa mbali. Majirani ni watu wazuri lakini wana kuta. Nilikokulia, kule Mara, mtu akipita mnakula mnamwambia karibu, naye hata kama ameshiba anakaa anamega tonge moja ili msionekane hamna mtu wa kula nanyi. Buswelu huwezi kumkaribisha mtu usiyemwona. Nilikuwa mpweke, na neno hilo nilichelewa sana kulitumia kwa sababu nilidhani ni la watu waliofiwa.

Wiki ya kwanza niliandika kwa uaminifu nilivyojua mimi. Alhamisi nesi akalifungua daftari, akageuza kurasa, akageuza tena.

"Mzee, asubuhi huli?"

"Sili. Nakunywa chai tu."

"Chai na nini?"

"Na maandazi."

"Mangapi?"

"Manne. Matano yakiwa madogo."

"Na saa nne?"

"Hapo sili. Labda viazi vitamu na karanga."

Akaweka kalamu chini. "Sasa mbona hujaviandika?"

"Binti, hicho si chakula," nikamwambia. "Hicho ni cha kudanganya tumbo. Chakula ni ugali."

Alicheka mpaka akajishika kwenye meza, kisha akasema baba yake mzazi naye yuko hivyo hivyo, anaweza kumaliza chapati sita na kulalamika kwamba analala njaa. Akanitaka niandike kila kinachopita mdomoni, hata karanga moja. Ndipo macho yake yakaingia kwenye safu ya mwisho, akafurahi. "Afadhali wewe unakula na mama. Hawa wanaokula peke yao ndio wanatushinda."

Maana kila siku, mchana na jioni, nilikuwa nimeandika: mke wangu.

Sikukusudia. Siku ya kwanza niliiacha safu wazi. Siku ya pili nikaiona ile nafasi nyeupe ikanikera. Kiwandani safu tupu ilikuwa na maana moja tu, kwamba mpimaji alikuwa amelala. Nikajaza siku zote mbili. Isitoshe, haikuwa uongo wote. Mkono wangu haujui kupika cha mtu mmoja. Baada ya miaka thelathini na nne ya ndoa unga unaujua mwenyewe, na sufuria yetu ni ile ya siku zote. Nikigeuza ugali, unatoka wa watu wawili. Nikikaanga sato, nakaanga wawili. Nilikuwa namaliza fungu langu, kisha naliangalia lile lingine. Kutupa ugali kwetu ni dhambi, na kiporo mke wangu ndiye aliyekuwa anajua kukitengeneza. Basi nilikuwa nakaa, nakula na la pili, polepole, mpaka giza liingie. Siwezi kusema ilikuwa njaa. Kukaa pale na sahani mbili kulikuwa kama kuna mtu ametoka nje kidogo na anarudi.

Wiki ya pili niliandika kila kitu. Maandazi, viazi, karanga, soda niliyonunuliwa msibani. Na mke wangu.

Alhamisi ya pili mizani ilionyesha nimeongezeka kilo moja. Daktari akachukua daftari na kikokotoo, akaandika, akafuta, akaandika tena. Niliipenda kazi yake. Mtu anayerudia hesabu namheshimu. Lakini uso wake ulibadilika.

"Mzee, chakula hiki mnagawana wawili?"

"Ndiyo."

"Sawa kwa sawa?"

"Sawa kwa sawa."

"Basi hakitoshi kukuongezea uzito. Kuna kitu kingine mwilini mwako." Akazungumza habari za tezi, akasema hataki kunitisha, akanijazia karatasi ya maabara yenye vipimo saba. Akasema Alhamisi ijayo nije na mama, wamwelekeze namna ya kunisimamia.

Nilikaa kwenye benchi la maabara na mkono wa shati nimeshaukunja. Mbele yangu kulikuwa na wagonjwa watano, wagonjwa kweli, mmoja anashikiliwa asidondoke. Nami nimekaa na karatasi ya kutafuta ugonjwa ambao nilikuwa nimeutengeneza mwenyewe kwa kalamu ya bluu. Kijana wa watu alikuwa amegawa kwa mbili. Hesabu yake ilikuwa safi, uzito wangu ndio ulikuwa na barafu ndani. Sijawahi kuona aibu ya namna ile. Nikaushusha mkono wa shati, nikarudi.

Nesi alikuwa peke yake chumbani. Nikamwambia, "Mke wangu umtoe."

Akashtuka. "Amefariki?"

"Kwa nini kila mtu anataka afariki? Yuko Dodoma, analea."

"Tangu lini?"

"Huu ni mwaka wa tatu."

Hakucheka safari hii. Alilisogeza daftari kwake na kuchukua kalamu nyekundu, lakini nikamzuia. Kosa la mpimaji linasahihishwa na mpimaji. Kiwandani hatukuruhusiwa kufuta wala kuchana. Unapiga mstari mmoja juu ya kosa, lisomeke bado, na pembeni unatia sahihi. Nikakaa pale nikapiga mistari. Mke wangu, mstari, sahihi. Mke wangu, mstari, sahihi. Mara ishirini na nane.

Nesi alisubiri mpaka nikamaliza. "Vipimo hivi nitamwambia daktari avisimamishe kwanza," akasema. "Kumbe ugonjwa wako tumeshauona. Msimamizi anaweza kuwa mtu wa simu, si lazima awe nyumbani. Ila mzee, ukiingia kwenye mpango, jambo la kwanza kabisa ni kupika cha mtu mmoja. Hapo ndipo pa kuamua. Fikiri mpaka Alhamisi."

Nilitoka na hasira zangu. Njia nzima nilikuwa nagombana naye kichwani. Maandazi ningeyaacha, soda ningeiacha, hata kutembea na goti lile ningetembea. Wangenitoboa vidole kila asubuhi wala nisiseme kitu. Lakini cha mtu mmoja! Muda wote ugali wa nyumba ile ulipokuwa wa watu wawili, mke wangu alikuwa safarini. Nikipika wa mmoja, atakuwa amehama. Hilo ndilo nililokuwa naliogopa, na lilinitisha kuliko sukari.

Jioni mke wangu alipiga simu kama kawaida. Tangu mjukuu azaliwe ananiita babu.

"Babu, umekula?"

"Nimekula." Tangu aondoke mazungumzo yetu yalianza hivyo na mara nyingi hayakuvuka hapo, maana mtoto huwa analia. Siku hiyo nikaongeza, "Nina sukari."

"Tangu lini?"

"Wameiona mwezi huu."

"Na hukuniambia."

"Ungefanya nini, nawe una mtoto mgongoni?"

Akanifokea, nami nikamwacha anifokee, kwa kweli nilifurahi. Alipochoka nikamsimulia habari za daftari, safu ya nne, na daktari aliyegawa kwa mbili. Alisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake.

"Kwa hiyo umeandika kwamba nilikula ugali wote huo?"

"Nusu yake."

"Nikashiba?"

"Ulishiba sana."

Akacheka. Kicheko kikaenda, kikaenda, kikaishia mahali pabaya, nikasikia anavuta kamasi. "Nitakuja Desemba," akasema. Hakusema Desemba ipi, nami sikuuliza.

"Wanataka nipike cha mtu mmoja," nikamwambia.

"Sasa unaniomba ruhusa?"

Sikuwa nimejua kama ndicho nilichokuwa nafanya. Nikasema ndiyo.

"Pika, babu," akasema. "Pika cha mmoja. Nikija nataka nikukute."

Jumatano nilikwenda Mabatini kutafuta sufuria. Muuzaji alikuwa mama wa makamo, amezungukwa na vyombo mpaka kichwani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nataka sufuria ndogo."

"Ya kuchemshia maziwa ya mtoto?"

"Ya ugali."

Akaniangalia kuanzia kofia hadi viatu, kisha akavuta sufuria ambayo ingetosha kwaya. Nilicheka mimi kwanza, naye akacheka kwa kuwa nimemruhusu. Ningekuwa yeye ningefanya vile vile. "Mama, ni ya mtu mmoja," nikasema. Nilikuwa sijawahi kulisema hilo kwa sauti mbele ya mtu nisiyemjua. Akaacha kucheka, akanichagulia moja yenye mfuniko, akaigonga kwa kucha nisikie ilivyo nzito.

Alhamisi nikatia sahihi ya kuingia kwenye mpango. Penye msimamizi niliandika mke wangu, na safari hii halikuwa kosa, nesi alimpigia palepale wakaongea kwa spika. Mke wangu akamuuliza kama dagaa wanaruhusiwa. Wanaruhusiwa.

Jioni ile nikapika. Maji nusu kikombe yalionekana machache mno, nikadhani nimekosea. Ugali ukawa kama ngumi ya mtu mzima. Niliuweka kwenye sahani moja, mchicha pembeni na dagaa kijiko kimoja, nikakaa. Uliisha kabla sijakaa vizuri. Nje kulikuwa bado na mwanga, na hapakuwa na kitu kingine cha kula wala cha kusubiri. Nililia kidogo. Halafu nikalichukua daftari nikaandika saa, chakula, kiasi, nikafika safu ya nne, simu ikaita.

"Babu, umekula?"

"Nimekula."

"Umekula na nani?"

Hakuwahi kuniuliza swali hilo. "Peke yangu," nikasema.

Nyuma yake mtoto alikuwa anaita bibi, bibi. "Basi andika hivyo hivyo," akasema. "Usinisingizie tena."

Nikaandika akiwa kwenye simu, nikamsomea. Alikuwa bado hajakata.

"Na ile sufuria yetu usimwazime mtu."

Nikamwambia iko juu ya kabati, nimeigeuza kifudifudi isiingie vumbi.