Tuliloliona Darajani

Siku moja ya kiangazi imenikaa moyoni, mwanangu, na kila nikivuka daraja hunirudia. Nilikuwa fundi sanifu wa madaraja, msichana pekee katika kikosi chetu cha Bariadi, mwenye maneno mengi kuliko umri wake. Enzi za ushirika kununua pamba peke yake zilikuwa zimekwisha. Wanunuzi binafsi waliingia na malori makubwa kuliko tuliyoyazoea, na wakulima walisafiri juu ya mizigo ya pamba. Mkuu wetu, Mzee Masanja, akataka kujua kama daraja la njia ya Maswa litayaweza.

Alituagiza wawili, mimi na fundi mwenzangu Nkwabi, kila mtu akague peke yake, tusiambiane. Nkwabi alitazama, akagonga kwa nyundo, akasema daraja ni zima. Mimi nikaona ufa kwenye nguzo ya kati, mrefu kama mkono wangu, nikasema lifungwe. Daraja lile lile, asubuhi ile ile, na kati yetu hakuna aliyekuwa mvivu wala mwongo! Tulibishana hadi nikamwita kipofu, Mungu anisamehe.

Mzee akasimamisha malori. Dereva mmoja akashuka akifoka, "Mzee, jana nimepita hapa na mzigo kama huu!"

"Jana limekubeba, baba," Mzee akamjibu taratibu. "Leo ngoja kwanza."

Akashuka mtoni. Maji yalikuwa yamekauka, mchanga umejaa vizuri hadi kwenye nguzo. Akachukua nondo, akaichoma kando ya ile nguzo ya kati. Ikazama bila kugonga kitu. Tulichimba, na mkono wangu ukapita chini ya msingi. Mafuriko ya msimu wa mvua yalikuwa yameukomba udongo, kisha mto ukalifukia shimo kwa mchanga laini. Niliogopa, maana juu yetu watu walikuwa wanasubiri kuvuka.

Malori yakarudishwa. Nami kichwa kikanivimba: si nilisema lifungwe? Mzee akabandua kwa patasi pale penye ufa wangu. Ulikuwa kwenye lipu ya juu tu. Ndani zege lilikuwa imara.

"Ng'wana wane, mwanangu," akaniambia, "Nkwabi amekosea, na wewe umebahatisha. Anayebahatisha ndiye ninayemwogopa, maana kesho hatauliza."

Maneno yale yaliniuma kuliko tusi. Nilimwomba Nkwabi radhi. Akanicheka wiki nzima, na ilikuwa haki yake.

Wahenga walisema nyumba njema si mlango. Ukitazama kitu, mwanangu, kiwe daraja, awe mchumba, sema ulichokiona, na useme pia mahali ambapo jicho lako halikufika. Mwenzako akiona tofauti, usimtukane. Nendeni wote mkachimbe. Na ukipatia, jiulize umepatiaje, kwa sababu wanaopita juu hawajui kilichoko chini. Wamekuamini wewe. Mungu akupe macho, akupe na mashaka ya kutosha, na kila atakayevuka kwa neno lako afike kwake salama.