Ukuta wa Kuelekea Barabarani

Kaka yangu mkubwa, ninayemwita yaya, alirudi Kindu kutoka Kinshasa baada ya miaka kumi na mmoja, na siku ya pili tu akatangaza kwamba nyumba ya mama inamtia aibu. Hakusema paa linavuja. Hakusema mama amekonda. Alisema ukuta ni mchafu. Akaenda mtoni, wanakooshea pikipiki, akakodi pampu ya maji inayotumia mafuta, akavaa miwani ya jua, akasimama kando ya barabara ambapo kila mpita njia angemwona.

Mimi na binti yangu tunaishi na mama, na ukuta ule naujua. Nikamwambia, "Yaya, tirolieni haioshwi na pompi." Tirolieni ni ile lipu ya kurushwa, yenye punje punje. Papa, baba yetu, aliirusha mwenyewe, kwa kile kisanduku cha kuzungusha mpini alichoazima kwa mafundi wenzake wa reli. Ni lipu yenye umri wangu. Lakini mtu aliyekaa Kinshasa hafundishwi kitu na mdogo wake wa Kindu.

"Weye unajua nini juu ya mashini?" akaniuliza.

Maji yalipogusa ukuta udongo ulitoka, punje zikatoka nao, na kabla jua halijawa kali upande wote wa barabara ulikuwa matofali mekundu. Majirani walikuja kutazama. Mmoja alimpongeza, akidhani ndio mtindo wa Kinshasa.

Niseme udongo huo ulitoka wapi, maana yeye alijifanya amesahau. Vita ilipokaribia Kindu, nyumba yetu ilikuwa nyeupe kuliko zote za mtaa wa reli, na papa alijivuna nayo utadhani amejenga kanisa. Mama akachukua udongo wa mfereji, masizi ya sufuria na majivu, akaikandika nyumba nzima kwa viganja vyake. Papa hakusema naye siku tatu. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne na niliona haya kupita lango la mbele pamoja na wenzangu, nikawa nazungukia nyuma. Nilimwona mama mshamba, na nilimwambia hivyo.

Wenye bunduki walipokuja, waliingia kwa wenye kuta safi. Walibeba magodoro, redio, hata mlango. Nyumba ya tatu kutoka kwetu walichukua wasichana wawili. Mbele ya kwetu walisimama, nasi tumelala sakafuni tukiwasikia. "Apa njo kwa bamasikini," mmoja akasema. "Tupite." Papa, badala ya kushukuru, alikasirika kuitwa maskini, akanuna juma zima.

Tangu hapo, kila bonane, majirani wanapopaka chokaa kuupokea mwaka mpya, mama amekuwa akipaka udongo. Vita ikaondoka, papa akafa kwa ugonjwa wa figo, mtaa ukapata rangi za kila namna, na mama na ndoo yake. Watu walimcheka. Nami nilimcheka, ila kwa adabu, kwa kuwa nakula kwake.

Pampu iliporudishwa nikaamua kumwonyesha yaya jinsi ukuta unavyooshwa. Nililoanisha kwa maji matupu, kutoka chini kwenda juu ili uchafu usichore mistari. Kisha sabuni kidogo na brashi laini, polepole, bila kukwangua. Nilipokwisha kusuuza, penye ukungu wa kijani nikapitisha javeli, ile dawa ya kung'arisha nguo, iliyozimuliwa kwa maji mengi, nimejifunga kitambaa usoni, nikasuuza tena. Siku nne kwa pande tatu. Yaya alikaa kivulini akitoa maoni. Siku ya nne tirolieni ya papa ilirudi nyeupe, na mama akaipapasa kwa vidole, akatabasamu. Nikajiona nimeshinda.

"Sasa ile ya barabara," yaya akasema, "tutapiga simenti, tupake nyeupe. Nyumba ionekane kama ya muntu."

Mama aliondoa mkono ukutani. "Ionekane na nani?"

"Mama, vita ilishakwisha."

"Nani alikuambia?"

 Asubuhi ile redio ilikuwa imetaja miji inayoanguka huko mashariki. Wote watatu tuliisikiliza tukinywa chai, kisha nikaizima. Hata hivyo mama hakuwa anamtazama yaya wala mimi. Alikuwa anamtazama binti yangu, aliyekuwa akianika nguo uani na kuimba. Ana miaka kumi na minne.

Nimewadharau watu wengi katika maisha yangu, na wengi wao walistahili. Siku ile nilijidharau mwenyewe. Nikamwaga maji ya sabuni, nikachukua ndoo, nikapita lango la mbele, nikaenda kuchota udongo wa mfereji.